Machaguo ya kache katika mfumo wa faili: mtumiaji apewe yapi?

Swali la msomaji: «Ninaandika mfumo wa faili kwenye Linux kwa kutumia FUSE, yaani njia ya kuendesha mfumo wa faili kama programu ya kawaida nje ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi). Unaweka mafaili ya taasisi yetu katika hifadhi ya wingu inayofuata itifaki ya S3. Tuna ofisi Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na ombi moja kwenda kwenye hifadhi na kurudi huchukua takribani milisekunde 150. Bila kache, yaani nakala zinazokumbukwa karibu ili kutouliza hifadhi tena, mfumo hautumiki: folda yenye mafaili 2,000 huchukua dakika tano kuonyesha orodha yake. Nimekuwa nikiongeza machaguo kidogo kidogo: muda wa kukumbuka majina, muda wa kukumbuka sifa za faili, kache ya kerneli, kache ya diski, uandishi wa kuahirisha na mengineyo, na sasa yamefika kumi na manne. Mwenzangu mmoja anasema niyatoe yote ili kila mtumiaji achague linalomfaa. Mwingine anasema libaki moja tu, la kuwasha au kuzima kache. Umeme hukatika mara kwa mara, na wahasibu wetu wanne hulifungua lahajedwali moja kwa zamu, wakati mwingine kwa pamoja. Je, nitoe machaguo gani?»

Ndugu msomaji, swali lako limekuja na takwimu zake, na hilo limenirahisishia kazi. Unaogopa mambo mawili kwa pamoja: mfumo mzito usiotumika, na mfumo mwepesi unaopoteza kazi za watu. Wenzako wanakuvuta pande mbili, lakini wote wawili wanakubaliana juu ya jambo ambalo mimi silikubali, nalo ni kwamba kache ni suala la kasi tu, na kwamba kila mtumiaji anaweza kujiamulia kasi yake bila kumgusa mwingine. Kila chaguo la kache hubadilisha ahadi ambayo mfumo unaitoa kuhusu kile ambacho mtu ataona akifungua faili, na kile kitakachobaki umeme ukikatika. Pale ambapo faili ni la watu wanne, ahadi hiyo nayo ni ya watu wanne, na mmoja wao hana haki ya kuilegeza peke yake kwenye kompyuta yake.

Tutenganishe kwanza vitu vinne ambavyo mfumo wako unavikumbuka. Kuna majina, yaani kwamba ndani ya folda hii kuna faili fulani, au kwamba halimo. Kuna sifa za faili, kama ukubwa na muda lilipobadilishwa mwisho. Kuna data iliyokwisha kusomwa, ambayo hukaa katika kurasa za kumbukumbu za kerneli, na kwako pia kwenye diski ya kompyuta husika. Na kuna data iliyoandikwa ambayo bado haijafika kwenye hifadhi. Vitatu vya mwanzo vinaweza kupitwa na wakati. Cha nne kinaweza kupotea kabisa. Tofauti hii ni kubwa kiasi kwamba chaguo moja la kuwasha au kuzima haliwezi kuibeba, na ndiyo maana mwenzako wa pili amekosea ingawa nia yake ya kupunguza ni njema.

Kabla ya machaguo, hata hivyo, nikuombe uangalie zile dakika tano, kwa sababu hizo hazihitaji kache. Mafaili 2,000 mara milisekunde 150 ni sekunde 300, maana yake programu yako inaiuliza hifadhi sifa za kila faili kwa ombi lake peke yake. Itifaki ya S3 hurudisha orodha ya hadi vitu 1,000 kwa ombi moja (kwenye S3 kila faili huhifadhiwa kama «kitu»), pamoja na ukubwa na muda wa mabadiliko wa kila kimoja. Maombi mawili yanatosha, na FUSE ina wito wa readdirplus unaokuwezesha kumpa kerneli majina na sifa zake kwa mkupuo. Kikwazo ni kimoja: ikiwa umehifadhi ruhusa na mmiliki wa faili ndani ya metadata, yaani maelezo ya ziada, ya kila kitu cha S3, orodha haitakuletea hizo, na utarudi kuuliza moja moja. Kwa taasisi yenu ningeziweka ruhusa kwenye kiwango cha folda na kuachana na ruhusa za faili moja moja. Dakika tano zitashuka hadi chini ya sekunde moja bila kumdanganya mtu yeyote.

Mpangilio wa msingi ukiwa mzuri, chaguo halihitajiki tena. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa muda wa kusomwa kwa faili, yaani rekodi ya lini faili lilisomwa mwisho, kwenye Linux. Kwa miaka mingi wasimamizi wa seva walilazimika kujua chaguo la noatime ili kila usomaji usisababishe uandishi. Mwaka 2009, kerneli 2.6.30 ilifanya relatime kuwa chaguo-msingi, ambalo huandika muda huo pale tu unapokuwa nyuma ya muda wa mabadiliko ya faili, au umepitwa na saa 24, na watu wengi hawakuhitaji tena kuligusa suala hilo. Nusu ya machaguo yako kumi na manne, naamini, yatatoweka kwa njia hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye data iliyosomwa, maana hapa kuna hatari ambayo wengi hawaioni. Watu hudhani kwamba ubaya mkubwa wa kache iliyopitwa na wakati ni kumwonyesha mtu toleo la jana. Ubaya mkubwa zaidi ni kumwonyesha toleo ambalo halijawahi kuwepo. Fikiria lahajedwali la wahasibu: kerneli ya Dodoma ina kurasa za mwanzo za faili kutoka toleo la asubuhi, kisha mhasibu wa Mwanza anahifadhi toleo jipya, kisha programu ya Dodoma inaomba kurasa za mwisho ambazo bado haijawahi kuzisoma. Zitakazokuja ni za toleo jipya. Mafaili ya xlsx na ods ni vifurushi vya zip, na zip huweka orodha ya yaliyomo mwishoni mwa faili. Kwa hiyo Dodoma itapata orodha mpya inayoelekeza kwenye mwili wa zamani, na programu itatangaza kuwa faili limeharibika, wakati kwenye hifadhi faili ni zima kabisa.

Tiba yake haifai kuwa chaguo la mtumiaji. Kila kitu kilichohifadhiwa kwenye S3 kina alama ya toleo iitwayo ETag. Faili linapofunguliwa, chukua alama hiyo, na kila usomaji hadi faili litakapofungwa uwe na sharti la alama hiyo hiyo. Kache ya diski nayo ihifadhi vipande kwa alama ya toleo, si kwa jina la faili peke yake. Ikiwa toleo limebadilishwa katikati, hifadhi itakataa ombi, nawe itakubidi uwe umelishusha faili zima mapema au uwe umewasha utunzaji wa matoleo kwenye hifadhi ili uweze kuomba toleo lile la zamani. Kwa mafaili madogo ningeshusha zima. Kwa makubwa ningetegemea matoleo. Lakini usimpe mtu kitufe cha kuchagua kati ya faili zima na faili mchanganyiko. Hakuna kazi yoyote inayohitaji faili mchanganyiko.

Jambo la pili ni machaguo ya sekunde. Maktaba ya libfuse ya kawaida hukumbuka majina na sifa kwa sekunde 1, na haikumbuki kabisa majina yasiyokuwepo. NFS, mfumo wa kushiriki mafaili kupitia mtandao, kwenye Linux hukumbuka sifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60 na za folda kwa sekunde 30 hadi 60, ikirefusha muda kadiri kitu kinavyokaa bila kubadilika. Namba hizi ni za busara, lakini sekunde haziahidi kitu ambacho mtumiaji anaweza kukitegemea. Mhasibu hajui kama mwenzake alihifadhi sekunde 2 au 20 zilizopita. Anachojua ni kwamba amepigiwa simu, ameambiwa «nimemaliza, fungua», na amefungua. Ukiweka sekunde 60 atakuta kazi ya zamani mara nyingi na atalalamika, nawe utarekebisha. Ukiweka sekunde 1 atakutana na kosa hilo mara chache sana, hataweza kulirudia mbele yako, na mtalitafuta kwa miezi. Kupunguza sekunde hakuondoi kosa, kunaliadimisha tu.

NFS yenyewe haikuishia kwenye sekunde. Ahadi yake kuu ni kwamba mtu mmoja akifunga faili, kisha mwingine akalifungua, yule wa pili ataona alichoandika wa kwanza. Kompyuta hulitimiza hilo kwa kuiuliza seva kila faili linapofunguliwa na kwa kusukuma maandishi yote kabla ya kufunga. Hiyo ni ahadi ambayo mhasibu anaielewa bila kufundishwa, kwa sababu inafuata vitendo anavyovifanya mwenyewe. Ifanye kuwa ahadi yako ya msingi. Gharama yake ni ombi moja la milisekunde 150 kila faili linapofunguliwa, na mtu anayefungua lahajedwali hatalihisi. Ahadi hii inasimama juu ya ahadi ya hifadhi yenyewe: S3 ya Amazon imekuwa ikitoa usomaji wa toleo jipya mara tu baada ya kuandikwa tangu Desemba 2020, lakini si kila mtoa huduma anayefuata itifaki hiyo anaahidi hivyo, kwa hiyo soma nyaraka za mtoa huduma wenu kabla hujaandika neno.

Kuhusu kuzima kache: chaguo la direct_io la FUSE, ambalo watu wengi hulichukua kuwa ndilo la kuzimia, hupita kando ya kurasa za kerneli kwa data peke yake. Majina na sifa huendelea kukumbukwa, na kache ya diski ambayo umeiandika wewe haiguswi. Pamoja na hayo, faili lililofunguliwa hivyo kwa kawaida haliwezi kuunganishwa kwenye kumbukumbu kwa kushirikiana (mmap), ili programu kadhaa zilitumie kama sehemu ya kumbukumbu zao, ingawa kerneli mpya zinaweza kuruhusu hilo iwapo programu yako itaomba. Hifadhidata ya SQLite inayotumia hali ya WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, hutegemea muungano huo, kwa hiyo itakataa kufanya kazi. Mtumiaji aliyezima kache kwa kutafuta usalama atakuwa amepata programu zinazogoma huku akiendelea kuona majina ya zamani. Kama utabakiza chaguo hili, libaki kwa ajili yako wakati wa kuchunguza hitilafu.

Nimeliacha suala la uandishi hadi sasa kwa sababu ndilo lenye uzito. Uandishi wa kuahirisha upo katika tabaka mbili kwenye mfumo wako, na ni muhimu usizichanganye. Tabaka la kwanza ni la kerneli, lililoingia kwenye FUSE katika Linux 3.15 mwaka 2014. Bila hilo, kila kipande ambacho programu inaandika, hata kiwe cha baiti mia moja, hupelekwa kwenye programu yako papo hapo. Nalo likiwepo, kerneli huvikusanya na kuvituma baadaye; kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, ukurasa unaweza kukaa takribani sekunde 30 kabla ya kulazimishwa kutoka. Kasi huongezeka sana, lakini kerneli huwa ndiyo mwenye kauli ya mwisho kuhusu ukubwa wa faili na muda wake. Faili likibadilishwa kutoka Mwanza, kerneli ya Dodoma haitaamini ukubwa mpya. Zaidi ya hapo, inaweza kukuomba usome faili ambalo programu ililifungua kwa kuandika tu, kwa sababu haiwezi kuhifadhi nusu ya ukurasa bila kujua nusu nyingine. Kwa hiyo tabaka hili linafaa pale tu ambapo mwandishi wa faili ni kompyuta moja.

Tabaka la pili ni lako. Kitu cha S3 hakiwezi kubadilishwa katikati. Kinaandikwa upya kizima. Hivyo kila faili linalohaririwa lazima lisubiri mahali fulani kwenye diski kabla ya kupakiwa, na swali halisi linabaki kuwa: mtumiaji anapofunga faili, unamwambia «tayari» wakati gani? Unaweza kumjibu data ikiwa bado kwenye kumbukumbu, ikiwa imethibitishwa kwenye diski ya kompyuta yake, au ikiwa imepokelewa na hifadhi. Jibu la kwanza usilitoe kamwe katika ofisi ambayo umeme hukatika. La pili na la tatu yote ni ya heshima, ila yanaahidi mambo tofauti. Programu ya rclone ya kutumia hifadhi za wingu, kwa mfano, ikiwashwa kache ya uandishi, kwa kawaida husubiri sekunde 5 baada ya faili kufungwa ndipo ianze kupakia. Kwa mtu mmoja anayehamisha picha zake hilo ni jambo zuri. Kwa mhasibu anayezima kompyuta na kupanda daladala, maana yake ni kwamba taarifa ya mwezi imelala kwenye diski iliyozimwa hadi Jumatatu, na wenzake hawajui kuwa ipo.

Uandishi wa kuahirisha una deni jingine, nalo ni makosa yanayochelewa. Hifadhi ikijaa au kibali kikiisha muda, mtumiaji alikwisha ambiwa kuwa faili limehifadhiwa, na programu iliyoandika imekwisha kufungwa. Katika FUSE, kosa unalolirudisha kwenye wito wa flush, unaokuja faili linapofungwa, humfikia anayefunga faili, lakini la wito wa release, unaokuja faili likiachiliwa kabisa, hutupwa, na programu nyingi haziangalii hata lile la kwanza. Mwaka 2018 waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL walitambua kuwa kerneli ya Linux, ikishindwa kuandika ukurasa kwenye diski, iliweza kutoa taarifa ya kosa mara moja kisha ikauhesabu ukurasa ule kuwa safi, kiasi kwamba fsync ya pili (wito wa kuhakikisha data imefika kwenye diski) ilirudi na mafanikio yasiyokuwepo. Walichoamua, katika matoleo ya Februari 2019, ni kuisimamisha hifadhidata mara fsync inaposhindwa, kisha kuirejesha kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala. Nawe jiwekee kanuni ya namna hiyo: kosa la kupakia libaki limeandikwa hadi mtu alishughulikie, faili lisiondolewe kwenye diski hadi hifadhi ithibitishe kulipokea, na pawe na mahali wazi ambapo mtu wa kawaida anaweza kuona orodha ya mafaili yake ambayo bado hayajapakiwa. Kama huna muda wa kutengeneza orodha hiyo, basi huna muda wa kutoa uandishi wa kuahirisha. Nalisema hili kwa uzito wote.

Lahajedwali la watu wanne linahitaji neno lake. LibreOffice huweka faili dogo la kufuli lenye jina linaloanza na .~lock. katika folda ile ile, na Microsoft Office huweka lake linaloanza na ~$, ili mtu wa pili aonywe. Kufuli hizo hutegemea kache ya majina. Ukikumbuka kwa dakika moja kwamba kufuli halipo, mhasibu wa pili ataingia bila onyo. Ukiahirisha kupakia faili la kufuli sawa na mafaili mengine, hata kache sahihi ya majina haitasaidia. Kwa hiyo usikumbuke majina yasiyokuwepo, na faili jipya liundwe kwenye hifadhi papo hapo kwa sharti la kutokuwepo jingine lenye jina hilo. Amazon iliongeza sharti hilo katika Agosti 2024, na sharti la kuandika juu ya toleo unalolijua katika Novemba 2024. La pili litakulinda pale kufuli linaposhindwa: upakiaji wa aliyechelewa utakataliwa, nawe utaihifadhi kazi yake kama nakala ya pembeni yenye jina lake na tarehe, badala ya kufuta kazi ya mwenzake kimya kimya. Chunguza pia kufuli za kerneli zenyewe. Usipoandika wito wa kufuli katika programu yako, kerneli huzishughulikia ndani ya kompyuta ile tu, na programu huambiwa kuwa imefunga faili wakati ofisi nyingine haina habari.

Kutokana na hayo unaweza kuona kwa nini sikubaliani na pendekezo la kila mtu kuchagua linalomfaa. Ofisi ya Dar es Salaam ikichagua kuahirisha uandishi, Mwanza iliyochagua uhakika kamili haitaupata, kwa maana inauliza hifadhi ambayo haijapelekewa kitu. Ahadi ya wote hushuka hadi kiwango cha aliyechagua kilicho dhaifu zaidi. Kwa sababu hiyo, aina ya kache isiwe kitu kinachoandikwa kwenye kila kompyuta wakati wa kupachika, yaani kuunganisha mfumo kwenye kompyuta hiyo. Iandikwe ndani ya hifadhi, kwenye folda husika, na msimamizi mwenye dhamana ya folda hiyo, na kila kompyuta inayoipachika iisome na kuitii.

Ningekupa aina tatu, zenye majina yanayosema ahadi na si mbinu. Ya kawaida, isiyohitaji kuchaguliwa, ningeiita shirikishi: kufungua huona kilichofungwa mwisho, na kufunga husubiri hifadhi ithibitishe. Ya pili ingekuwa tuli, kwa ajili ya kumbukumbu zilizokwisha kamilika, kama ripoti za miaka iliyopita au data za utafiti zilizofungwa. Hapo unaweza kukumbuka kila kitu bila ukomo, kwa sharti kwamba mfumo wenyewe unakataa uandishi wowote. Usitegemee ahadi ya watu kwamba hawatabadilisha. Ya tatu ingekuwa ya mwandishi mmoja, ambapo kufunga faili hurudi data ikiwa imethibitishwa kwenye diski ya ndani, na kerneli inaruhusiwa kuahirisha. Aina hii nayo lazima isimamiwe: kompyuta ichukue hati ya umiliki wa folda ndani ya hifadhi kwa sharti, iwe inaihuisha kila baada ya muda, na ikishindwa kuihuisha iache kuandika mara moja. Wengine wanaweza kusoma, lakini waonyeshwe kuwa wanachokiona ni cha hadi upakiaji wa mwisho.

Wito wa fsync, katika aina zote tatu, uwe na maana isiyopungua: data itanusurika umeme ukikatika. Usiwaruhusu watumiaji kuulegeza huu kwa chaguo lolote, hata likiwa limefichwa. XFS, mfumo wa faili wa Linux, iliwahi kuwa na chaguo la nobarrier lililoruhusu kuacha amri za kusukuma data kutoka kwenye kache ya diski yenyewe, na waandishi wake waliliondoa kabisa katika Linux 4.19. Kuwapa watu chaguo la hatari ni rahisi. Kuliondoa baada ya watu kulizoea, wakiwa wameliiga kutoka kwa wenzao bila kujua lilifanya nini, ni kazi ya miaka.

Yanayobaki kwa kila kompyuta ni mawili: kache ya diski ikae wapi, na isizidi ukubwa gani. Haya ni machaguo halali kabisa, kwa kuwa mfumo wako hauwezi kujua kama kompyuta ile ina diski ya SSD yenye nafasi au ina diski ndogo iliyojaa, na atakayeumia kwa uamuzi mbaya ni mwenye kompyuta peke yake. Weka tu wazi kwamba ukubwa unahusu data iliyosomwa. Data inayosubiri kupakiwa haifutwi hata kikomo kikipitwa, na nafasi ikiisha, uandishi mpya ndio unaokataliwa. Namba nyingine zote ulizonazo zihamishie kwenye faili la mipangilio ya wachunguzi wa hitilafu, bila kuzitangaza.

Sitakuficha udhaifu wa mpango huu. Aina shirikishi itawatesa wanaounda programu kutoka chanzo juu ya folda hiyo: kazi inayofungua mafaili 3,000 moja baada ya jingine italipa dakika saba na nusu za kusubiri tu. Kazi ya namna hiyo iende kwenye folda ya mwandishi mmoja, au ikae kwenye diski ya kawaida. Ipo njia ya kuondoa gharama hiyo, ambayo mfumo wa Andrew wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon uliionyesha katika miaka ya 1980: toleo lake la kwanza lilimlazimu mteja kuiuliza seva kila anapofungua faili, na lililofuata likaifanya seva imwahidi mteja kumjulisha faili litakapobadilika, ili asihitaji kuuliza. FUSE inakuruhusu kumwambia kerneli aachane na kurasa au jina fulani, kwa hiyo upande wa kompyuta unawezekana. Lakini S3 haitampigia mteja wako simu. Utalazimika kuendesha seva ya taarifa, kuilinda, na kuhakikisha kuwa mteja akipoteza mawasiliano nayo anarudi kuuliza kila mara badala ya kuamini ukimya. Kwa ofisi tatu, mimi nisingeanzia hapo. Anza na aina shirikishi, pima kwa mwezi mmoja ni wapi watu wanasubiri, kisha uamue.

Kabla hujawapa wahasibu, keti na kompyuta mbili mezani. Endesha xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili, kwa upande mmoja, kisha andika hati fupi inayohifadhi faili kwenye kompyuta ya kwanza na kulifungua ya pili mara maelfu, ikilinganisha yaliyomo. Halafu chomoa waya wa umeme katikati ya upakiaji, kweli kweli, si kwa kuizima kompyuta kwa utaratibu, na uangalie kinachorudi ikiwashwa. Kompyuta ya mpakato yenye betri haifai kwa jaribio hili.

Kuna mahali ambapo jibu la maandishi kama hili halitoshi. Ikiwa folda hizo zitabeba kumbukumbu za wagonjwa, mishahara au hesabu zinazokaguliwa, mtafute mhandisi wa mifumo ya hifadhi aje apitie mpango wako uso kwa uso pamoja na mkaguzi wenu, kwa kuwa ahadi ya «imehifadhiwa» itakuwa na maana ya kisheria. Ikiwa kuna anayetaka kuweka PostgreSQL au SQLite juu ya mfumo huu, mkatalie, na mketi na mtaalamu wa hifadhidata mumtafutie mahali pengine. Na ikiwa tayari kuna faili lililopotea au lililoharibika wakati unasoma haya, simamisha mfumo kwenye kompyuta zote zilizolifungua, usifute folda ya kache hata moja, zinakili zote kwenye diski ya nje kabla ya kuwasha tena, kisha mwite mtu anayeweza kuzichunguza akiwa mbele ya mashine; mara nyingi toleo linalotafutwa bado liko kwenye mojawapo ya diski hizo, likisubiri upakiaji ambao haukufanyika.